Tumwagile na Likizo ya Meli

Tumwagile alikuwa na miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusafiri bila mtu kufa kwanza. Jambo hilo alilitambua akiwa kazini, mkononi ana pasi, mbele yake rundo la foronya. Safari ya Iringa, msiba wa dada yake. Safari ya Morogoro, msiba wa shangazi. Kilosa mjini alikuwa amekwenda mara nyingi mpaka hesabu imempotea, lakini kila alipojaribu kuikumbuka safari mojawapo aliona turubai, masufuria makubwa na wanawake wamekaa mkekani. Akaiweka pasi chini, akasonya kwa nguvu hata mwenzake aliyekuwa kwenye mashine ya kufulia akageuka.

Alifanya kazi ya kufua katika loji moja ya watalii, nje kidogo ya mji wa Mikumi. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne pale. Mashuka, taulo, mapazia, suruali za kaki zenye vumbi la hifadhini, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti isiyojua kunong'ona, na watu wa mtaa wake walimjua kwa hasira. Si kwamba aligombana ovyo. Alikasirika pale palipostahili, ila macho yake yaliona mahali pengi panapostahili. Muuza nyama aliyekuwa na mchezo wa kubonyeza mizani kwa kidole alimkoma. Mwalimu aliyemwita mwanawe "mtoto wa dobi" mbele ya darasa alikuja mwenyewe nyumbani kuomba radhi, akapewa na chai.

Wiki hiyo, mwezi wa pili, zilikuwa zimeletwa fulana tano za rangi moja, kubwa kwa ndogo, zote zimechorwa meli kubwa nyeupe yenye ghorofa nyingi kama jengo la mjini. Tumwagile alizikunja, akazipeleka mapokezi kwa Mwamvua, rafiki yake aliyekuwa akipokea wageni.

"Wenye hizi wametoka wapi?"

"Walikuwa melini kabla ya kuja huku. Wiki nzima. Baba, mama na watoto watatu."

"Meli ya kwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama Nickson," Mwamvua alicheka. "Inazunguka tu. Wanakula, wanaangalia maji, wanarudi walikotoka."

Tumwagile hakucheka. Alirudi kwenye pasi yake, na ndipo alipoanza kuzihesabu safari zake na kukuta kila moja ina maiti.

Meli kwake halikuwa jambo geni kabisa. Baba yake, marehemu mzee Abeli, alizaliwa Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa. Akiwa kijana alipanda meli mpaka Kyela, kisha lori mpaka Kimamba, akaingia kwenye mashamba ya katani na hakurudi kwao tena. Tumwagile alizaliwa huko Kimamba na kukulia kati ya mikonge na reli. Alilijua ziwa kwa masimulizi ya baba yake tu, ya milima inayoshuka moja kwa moja majini na maji yasiyoonyesha ng'ambo. Sasa akajiambia kwamba mwezi wa sita, shule zikifungwa, atampeleka mumewe na watoto wake wawili Kyela, wapande meli ya ziwani mpaka Mbamba Bay, na meli ikigeuka wageuke nayo. Hawatashuka kumzika mtu wala kumuuguza mtu.

Mwezi wa tatu alijaza fomu ya likizo. Meneja wa loji, Godfrey, kijana wa miaka thelathini na miwili anayependa mashati yaliyonyooshwa vizuri, akaisaini bila neno. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Tumwagile aliitoa habari mezani, wali ukiwa bado unafuka moshi.

Nickson, mwanawe wa miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Meli ya Nyasa? Mama, ile si inabeba dagaa na magunia ya mahindi?"

"Inabeba na watu."

"Inabeba watu na dagaa."

Editha, dada yake wa miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kuchukua simu ya baba yake. Akatafuta, akamgeuzia mama yake kioo. Kulikuwa na meli kama ile ya kwenye fulana, na juu yake watoto wanateleza kwenye bomba la rangi na kutumbukia bwawani.

"Hii ndiyo meli, mama. Kama si hii, basi twende Zanzibar kama watu wengine. Nikirudi shule niseme nilikwenda wapi? Kyela? Si watanicheka mpaka mwezi wa kumi na mbili."

"Watakucheka wao waliokwenda wapi?"

"Wengi hawajaenda popote, lakini..."

"Basi wafunge midomo!" Tumwagile aligonga meza, kijiko kikaruka. "Mimi nafua shuka za watu walioiona dunia yote, na watoto wao nawaona kule kando ya bwawa, wamekunja nyuso hivyo hivyo kama ninyi. Kumbe ni ugonjwa wa umri. Kunjeni nyuso mtakavyo. Tutakwenda. Baba Nickson, unasemaje?"

Deo, mumewe, alikuwa fundi pikipiki mwenye kibanda kando ya barabara kuu. Ni mtu wa maneno machache, mzaliwa wa Mabwerebwere, Kilosa mjini, na kwa miaka kumi na minane ya ndoa neno lake kubwa lilikuwa moja. Tumwagile alilipenda neno hilo, kwa sababu halikuwahi kumgeuka.

"Sawa," Deo alisema, macho kwenye sahani.

Maandalizi yakaendelea kwa kelele. Editha alinuna wiki mbili, kisha akaanza kudai miwani ya jua. Nickson alisema atabaki kulinda nyumba, mama yake akamuuliza nyumba hiyo ina nini cha kulindwa kuliko yeye mwenyewe. Mawifi walipiga simu kutoka Kilosa wakiuliza nani amefariki huko Kyela. Tumwagile alipojibu kwamba wanakwenda kutembea tu, wifi mmoja akasema, "Haya, mna raha zenu." Maneno hayo yalimkaa kooni siku tatu. Lakini tiketi nne za basi alizikata, na mwezi wa tano akaanza kupanga nguo.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo, Godfrey alimwita ofisini.

"Mama Nickson, samahani sana. Likizo yako haitawezekana mwezi wa sita. Tumepata kundi kubwa, watu arobaini."

"Ulisaini, Meneja."

"Nilisaini, lakini kazi ndiyo hiyo. Labda mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi watoto wako shuleni."

Godfrey alinyoosha mikono kama mtu asiye na la kufanya. Tumwagile alitoka bila kuaga. Siku ile alipiga pasi mashuka mpaka yakanuka kuungua. Kilichomuuma si kukataliwa tu. Kwa miaka kumi na nne alikuwa akichukua likizo yake siku mbili hapa, tatu pale, za kuzikia watu, na hakuna aliyewahi kumkatalia. Kumbe akienda kulia ana ruhusa, na akienda kufurahi kazi imezidi.

Nyumbani aliwaeleza. Editha, aliyekuwa akiipinga safari tangu mwezi wa tatu, akaangua kilio. Nickson akamtukana meneja kwa maneno ya vijana wa Morogoro ambayo mama yake hakuyaelewa ila aliyaruhusu. Deo alisema, "Pole. Tutapanga siku nyingine," akatoka nje kuangalia pikipiki isiyokuwa na tatizo.

Siku nne zilipita. Siku ya tano Tumwagile aliingia stoo kuchukua sabuni na macho yake yakatua kwenye mashuka ya akiba. Yalikuwa yamekaa palepale, yamefungwa, yana vumbi juu. Kundi likija, mashuka hayo hutolewa wiki mbili kabla na kufuliwa upya. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku yake ya kwanza, na kwa kawaida Godfrey mwenyewe huja kukumbusha. Alitazama tarehe. Akarudi mapokezi.

"Mwamvua, hilo kundi la watu arobaini linaingia lini?"

Mwamvua alifungua daftari la wageni, akapekua, akapekua tena. "Kundi gani? Mwezi wa sita tuna vyumba vinane tu."

Mlango wa ofisi haukubishwa hodi. Godfrey aliinua kichwa, na kabla hajaketi vizuri Tumwagile alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza.

"Umenidanganya. Nataka kujua nimekukosea nini."

"Mama Nickson, punguza sauti."

"Sina nyingine. Hii ndiyo niliyozaliwa nayo."

Godfrey alifuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Alikuwa kijana asiyezoea uongo, na ndiyo maana uongo wake ulikuwa mbaya. Mwishowe akasema, "Mume wako alikuja hapa."

"Alikuja kufanya nini?"

"Aliniomba nikunyime likizo. Alisema hataki safari hiyo lakini hawezi kukukatalia. Alisema nikisema ni kazi utaelewa. Alinisihi sana, mama Nickson, kidogo apige magoti. Nikaona ni mambo ya nyumba, nimsaidie."

Tumwagile alishika ukingo wa meza. Baadaye alimwambia Mwamvua kwamba aliwahi kuungua na pasi mara nyingi, lakini siku ile ndiyo aliyojua moto ukoje.

"Kwa hiyo ninyi wanaume wawili mmekaa hapa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "mkanipanga kama mtoto. Na wewe ukanitazama machoni ukaniambia watu arobaini."

"Nisamehe."

"Likizo yangu ipo au haipo?"

"Ipo. Ipo, mama."

Alipanda bodaboda akiwa bado na sare ya kazi. Deo alikuwa kibandani, mikono ina grisi, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Alipomwona mkewe anashuka saa nne asubuhi, mnyororo aliokuwa ameshika ulimponyoka.

"Ulikwenda kwa Godfrey," Tumwagile alisema.

Deo akawatazama wateja. "Twende nyumbani tukaongee."

"Hapahapa. Wewe hukunipeleka nyumbani ulipokwenda kunisema kwa bosi wangu. Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Kwa nini?"

"Sitaki watoto wapande meli."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu, mama Nickson."

"Miezi mitatu unaniambia sawa! Ungesema hapana, tungegombana, ningekushinda au ungenishinda, yakaisha. Mimi si mwoga wa hapana. Lakini kunizunguka! Kwenda kumlilia kijana mdogo anikatalie kwa niaba yako! Leo pale kazini kila mtu anajua mume wangu ananiogopa kuliko anavyoniheshimu."

Mmoja wa wateja alianza kuisukuma pikipiki yake taratibu, kama mtu anayepita karibu na nyuki. Deo aliinama kuokota mnyororo. Hakujitetea hata kidogo, na kutojitetea kwake kuliongeza kuni motoni, kwa maana Tumwagile alijua kugombana na maneno ila hakujua kugombana na ukimya.

"Tunaondoka tarehe tisa," alisema. "Tiketi yako ipo. Ukija, ukibaki, ni shauri lako."

Kuanzia siku hiyo hakumsemesha. Chakula alimpakulia, nguo alimfulia, maneno alimnyima. Watoto walijua sababu, kwa kuwa Mikumi ni mji wa barabara moja na wateja wale walikuwa na midomo. Nickson alimwangalia baba yake kwa dharau aliyoshindwa kuificha. Editha aliwapelekea ujumbe huku na huku, "mama anasema," "baba anauliza," mpaka akachoka, akawaambia wote wawili kwamba darasani kwake watu hununiana kwa akili zaidi.

Tarehe tisa asubuhi, basi la Kyela liliposimama Mikumi, Deo alikuwa kituoni na begi dogo. Alipanda, akakaa kwenye kiti chake kando ya Nickson, akaweka begi magotini, na kwa safari nzima ya kupanda Iringa na kuvuka Mbeya aliishika mikanda ya begi kama usukani.

Kyela waliikuta meli haiondoki. Upepo wa kusini ulikuwa umechafua ziwa, na nahodha amesema wasubiri siku mbili. Waliingia nyumba ya wageni, vyumba viwili, mama na binti, baba na mwana. Joto lilikuwa kali, mbu walikuwa wengi. Editha alisema huu ndio mwisho wa maisha yake. Tumwagile alimwambia aandike wosia.

Mchana wa siku ya pili walikwenda bandarini kuiangalia meli. Kando ya gati kulikuwa na ufuko mdogo wa mchanga wenye wanawake wanaofua, na mawimbi bado yalikuwa yanapiga. Nickson alikunja suruali, akaingia majini hadi magotini. Akacheka, akapiga hatua nyingine.

Kelele iliyomtoka Deo haikufanana na sauti yake. Alikimbia na viatu vyake mpaka majini, akamkamata mwanawe kwenye kola, akamburuta mpaka mchangani, akampiga kofi. Nickson alikuwa amemzidi urefu baba yake. Wanawake waliokuwa wakifua wakasimama.

"Una nini wewe?" Nickson alipiga kelele, shavu limeshika wekundu. "Nilipokuwa na miaka tisa ulinichapa fimbo kwa sababu nimecheza mtoni! Wenzangu wote wanaogelea, mimi tu ndiye sijui. Ukamwendea bosi wa mama kwa siri. Baba, maji yamekukosea nini?"

Deo alikaa chini kwenye mchanga, suruali imelowa. Akajibu akiangalia miguu yake.

"Yalimchukua Herman."

Herman alikuwa mdogo wake. Tumwagile alikuwa akilijua jina hilo. Mama mkwe alikwisha kumwambia siku nyingi kwamba mtoto huyo alikufa kwa surua.

"Si surua," Deo alisema. "Ni mwaka wa mvua za elinino. Mto Mkondoa ulitoka njiani, ukaingia Mabwerebwere. Mimi nina miaka kumi na moja, yeye saba. Mama alituambia tusitoke. Mimi nikasema tukavuke mfereji tukaone nyumba zilizoanguka. Nilimwambia anishike shati nyuma. Nilipofika ng'ambo nikageuka." Akapangusa mchanga viganjani. "Mama alisema nyumbani jambo hilo lisitajwe tena, na watu wakiuliza tuseme surua. Halijatajwa tena mpaka leo."

Editha akaanza kulia. Nickson alisimama na shavu lake, hajui aliweke wapi. Mmoja wa wanawake wale alisema "poleni" kwa sauti ya chini, akarudi kwenye ndoo yake.

Tumwagile alihisi huruma ikimpanda, kisha nyuma yake hasira, kubwa kuliko ya kibandani. Kwa sababu sasa alipewa sababu ya kutokasirika, na bado alikuwa amekasirika.

"Pole, baba Nickson," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe baada ya siku nyingi. "Pole sana kwa Herman. Ningekuwa nimejua, ningelia nawe miaka hii yote. Lakini pole hiyo ni ya mdogo wako. Kwa lile la ofisini kwa Godfrey sina pole. Miaka kumi na minane nimelala pembeni yako, na siri yako ukaona ni afadhali uifunike kwa kunidhalilisha kazini."

"Ningeanzia wapi kukwambia?"

"Ungeanzia popote! Hata jikoni!"

Alitembea ufukoni peke yake, akaenda, akarudi. Alijiuliza kama ni kweli angeiahirisha safari hii endapo angeambiwa mapema, na hakupata jibu la uhakika. Hilo nalo likamkera. Aliporudi aliwakuta watatu wamekaa pamoja, Editha ameegemea bega la baba yake.

"Meli inaondoka kesho," aliwaambia. "Mimi nakwenda. Ninyi ni wakubwa, kila mtu aseme mwenyewe."

"Nakwenda," Nickson alisema upesi.

Editha alimtazama mama, akamtazama baba. "Nitabaki na baba."

"Nenda," Deo alisema. "Ukae katikati. Usisogee kwenye vyuma vya pembeni. Na huyu kaka yako umwangalie." Akavua kiatu, akamwaga maji. "Mimi siwezi. Nitawasubiri hapa."

Wakaenda watatu. Meli haikuwa na bwawa wala bomba la kuteleza. Ilikuwa na magunia, kreti za soda, magodoro, kuku, wanafunzi wanaorudi kwao, na kwenye chumba kidogo walichopewa, shuka lililofuliwa vibaya kiasi kwamba Tumwagile alilinusa, akalitandua, akatandika khanga yake. Saa mbili za kwanza Editha alitapika na kuilaani siku aliyozaliwa. Kisha upepo ukatulia, akapata msichana mwenziwe wa kutoka Liuli, wakapotea juu na ile miwani ya jua. Nickson aliomba kuonyeshwa injini, akashuka chini, na alipopanda tena alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi na maneno mengi kuliko aliyosema tangu mwaka uanze.

Tumwagile alikaa kwenye benchi juu, mikono mitupu mapajani. Mikono hiyo ilimsumbua. Ilikuwa inatafuta kitu cha kukunja. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu akamuuliza, baada ya kumwitikia shikamoo yake, "Mnakwenda msibani, mwanangu?"

"Hapana, mama. Tunatembea."

"Kumwona nani?"

"Hatumwoni mtu. Tunaangalia maji."

Yule mama alifikiri. "Haya," alisema, naye akageuza kiti chake kidogo, akaangalia maji.

Lupingu waliifikia kukiwa bado na jua. Milima ilishuka majini kama mzee Abeli alivyosema. Kulikuwa na nyumba za bati chini ya mteremko, watu wamesimama ufukoni, wanawake wanapokea mabeseni. Tumwagile aliwaita watoto wake, akawaonyesha. Alikuwa ametegemea kulia. Badala yake alimkasirikia baba yake, kwa mara ya kwanza tangu amzike. Pazuri namna ile, na maisha yake yote hakurudi wala hakumleta, akaridhika kupasimulia akilewa.

"Ndiyo hapa tu?" Editha aliuliza.

"Ndiyo hapa," Tumwagile alisema. "Tungeweza kuwa watu wa hapa." Meli ikapiga honi, ikaondoka.

Walipogeuka Mbamba Bay na kurudi Kyela, Deo alikuwa amesimama gatini. Walinzi wa bandari walikuwa wamekwisha kumjua, kwa jinsi alivyouliza kila saa kama kuna habari za meli. Macho yalikuwa mekundu, ndevu zimeota. Aliwashika watoto mmoja mmoja mabegani, kama anayewahesabu. Alipomfikia mkewe alishusha mikono.

"Mmerudi salama," alisema.

"Tumerudi. Sasa nisikilize. Tukifika Mikumi, utakwenda kulekule ulikonisema, mbele ya walewale, useme ulichofanya."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Safari hii Deo hakusema sawa. Alikuna ndevu. "Nitaona aibu sana," alisema. "Lakini nitakuja."

Alikwenda Jumatatu, amevaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, mashine zinanguruma, mvuke unapanda. Godfrey aliitwa akaja, na Mwamvua, na wafuaji wengine wawili. Deo alisema alikuja pale kwa meneja kwa siri, kwamba alimfanyia mkewe jambo la uongo, kwamba mkewe hakuwa na kosa, na yeye anaomba radhi. Alisema yote kwa pumzi moja. Godfrey akaangalia viatu vyake, akasema naye pia anaomba radhi. Tumwagile alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza. Alifika ukingoni, akakigeuza.

"Nimewasikia," alisema, akaendelea na kazi.

Jioni alipotoka, Deo alikuwa nje ya geti, amekaa juu ya pikipiki. Tangu siku ya kibandani Tumwagile alikataa kupakiwa, akawa anarudi nyumbani kwa miguu, kilomita tatu. Aliliweka begi sawa begani, akapanda nyuma.

"Hasira zangu hazijaisha," alimwambia.

"Najua."

"Na Jumamosi utampeleka Nickson kwa yule mwalimu wa kuogelea wa pale lojini. Nimekwisha kuongea naye. Utakaa pembeni, utaangalia, hutapiga kelele."

Deo aliwasha pikipiki. Ilichukua muda kabla hajaitia gia.

"Na wewe utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo. Haya, twende, nina unga wa kununua kabla duka halijafungwa."